Uzi Uliotoka Kinywani

Nilijifunza kroshia kwa kufumua. Hakuna aliyenifundisha. Nilipomaliza darasa la saba na nafasi ya sekondari ikakosekana, dada yangu alinichukua Kisumu nikae na mtoto wake wakati yeye akiwa kazini, akipiga taipu katika ofisi moja mjini. Jirani yetu alifanya kazi za nyumbani kwa wakubwa kule Milimani, na siku moja aliniletea kitambaa cha meza kilichotoboka katikati, ambacho mama mwenye nyumba alikuwa amekitupa. Mwingine angekikata apate vitambaa vya kupangusia vyombo. Mimi niliketi nacho mlangoni, nikatafuta mahali uzi ulipofungiwa, nikaanza kukifungua mstari kwa mstari, nikitazama kila kitanzi kabla hakijapotea. Nilipolifikia lile tundu la katikati sikuwa na kitambaa tena. Nilikuwa na donge la uzi na kichwa kilichojaa vitanzi.

Sindano yangu ya kwanza ilikuwa spoku ya baiskeli. Niliisugua juu ya jiwe la kuoshea nguo mpaka ncha yake ikapata kulabu, na nilipokosea nilianza spoku nyingine. Kwa hiyo kabla sijajua kufuma chochote, nilijua kulabu. Nilijua inaingia kwa urahisi wa kukudanganya, na ukitaka kuirudisha kwa njia ile ile iliyoingilia, inashika. Ili itoke lazima kwanza uisukume mbele kidogo, uizungushe, uifiche ncha, ndipo uitoe. Nilichanika vidole mara nyingi kabla mkono wangu haujalielewa jambo hilo.

Jambo la pili nililojifunza lilikuwa kidole. Watu hudhani kroshia iko kwenye sindano. Iko kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile ambacho uzi hukizunguka ukipita. Ukikaza, kitambaa kinajikunja kama uso wa mtu aliyeuma limau. Ukilegeza, kinakuwa wavu. Kidole lazima kiusikie uzi bila kuubana, kwa saa nzima, hata ukiongea, hata mtoto akikupanda mgongoni.

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikimwogesha mtoto napima maji kwa kiwiko, halafu kwa kiwiko cha pili, kana kwamba viwiko vyangu havisemezani. Kwenye kroshia ugonjwa huu ulizidi. Nikiwa nakaribia ukingo wa kitambaa, nikiona kosa dogo karibu na katikati, sikuweza kulala nalo. Nilivuta uzi, na kazi ya wiki ikarudi kuwa donge. Dada alirudi jioni, akavua viatu, akanitazama.

“Bado ni kile kile?”

“Kile kile.”

“Yawa! Wewe utaolewa na kitambaa ambacho hakijaisha. Bwana arusi ataketi kwenye kiti kisicho na kitambaa.”

Nilicheka naye, lakini nilichomwa. Nilitaka sana siku moja aone kwamba ule ubishi wangu na uzi haukuwa ujinga.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwezi ambao ofisi ya dada ilikuwa na kazi nyingi, nilikwenda na mtoto nyumbani kwa nyanya yetu, karibu na Luanda Kotieno, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Tulimwita Dani, kama tunavyomwita nyanya kwa Kiluo. Aliishi na mwanawe wa mwisho, baba yetu mdogo, mvuvi mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amepata miguu. Alikuwa msichana mnene, mcheshi, wa kuokota kila kitu na kukipeleka mdomoni: mchanga, kifungo, kinyesi cha kuku, kona ya Biblia ya Dani.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, baba mdogo alikuwa uani akitayarisha fimbo zake za kuvulia ngege, samaki wa ziwani. Chambo chake kilikuwa ugali wa jana, aliokuwa ameukanda mpaka ukawa mgumu kama nta, kisha akavingirisha vidonge vidogo na kuvichomeka kwenye ndoano. Alizitegemeza fimbo ukutani, nyuzi za nailoni zikaning'inia, akaingia ndani kutafuta tumbaku. Dani alikuwa akichambua mboga. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa kitambaa cha meza. Tulikuwa watu wazima watatu katika boma moja, na mtoto alikuwa mbele ya macho yetu. Nimeshalilia hilo vya kutosha na sitalirudia hapa.

Kilichonishtua ni ukimya. Niliinua macho nikamwona mtoto amesimama karibu na ukuta, mdomo umefumbwa, macho yamekuwa makubwa, kama mtu aliyeulizwa swali gumu kanisani. Kutoka kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na kitu kilichong'aa juani. Uzi. Ulipanda kutoka mdomoni mpaka kwenye ncha ya fimbo. Alikuwa ameuona ugali, na ugali aliujua, akaula.

Aliponiona namtazama alianza kuja kwangu, mikono ameinyoosha, na nikaona uzi unaanza kunyooka.

Sijui niliruka vipi. Najua kitambaa kilienda upande mmoja na donge la uzi upande mwingine, na kabla mtoto hajapiga hatua ya tatu nilikuwa nimemshika kifuani kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nimeudaka ule uzi mbele ya mdomo wake na kuulegeza. Nikaketi chini naye mapajani. Hapo ndipo alipolia, na pamoja na mate kukatoka tone la damu.

“Amemeza nini?” Dani aliuliza, mboga zikimwagika.

“Ndoano.”

“Wololo! Nyathina! Mtoto wangu!”

Baba mdogo alitoka mbio, akaona, akapiga magoti mbele yetu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinyoosha ule mkono mkubwa kuelekea uzi.

“Bado iko juu,” alisema. “Nivute mara moja tu, haraka. Hatasikia.”

“Usivute!”

“Mimi natoa ndoano kila siku ya Mungu.”

“Kwa samaki, Baba. Samaki unamla baadaye.”

Alisita. Sindano yangu ilikuwa bado imenasa kwenye kanga kiunoni mwangu, kwa hiyo nilimwambia aichukue, aichomeke kwenye sweta lake mwenyewe na avute. Alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu, lakini aliichukua. Aliichomeka, akavuta, na sweta likatoka kitanzi kirefu kama mkia wa panya. Akakitazama kile kitanzi. Hakunyoosha mkono tena. Badala yake akachomoa kisu.

“Basi niukate hapa mdomoni, usimsumbue.”

“Kata kule juu, kwenye fimbo. Uache mrefu.”

“Mrefu wa nini?”

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kitabu. Nilijua tu kile ninachokijua: uzi ukikatwa karibu na kitanzi, kitanzi kinapotea na hukipati tena. Mwisho wa uzi ndiyo njia pekee ya kurudi. Nilimwambia hivyo, na yeye akasimama akakata kule juu kwenye fimbo. Uzi wenye urefu wa mkono mzima ukaniangukia mapajani. Niliuzungusha kwenye kidole changu cha shahada, kama nilivyozoea.

Nilipogeuka, Dani alikuwa ameshavingirisha donge la ugali.

Kwetu ziwani mfupa wa samaki ukikukwama kooni, unapewa donge la ugali, unalimeza zima bila kutafuna, na mfupa unashuka nalo. Hakuna aliyekulia kule ambaye hajawahi kumeza donge hilo machozi yakimtoka, huku nyanya akimgonga mgongoni. Dani alikuwa amewamezesha wanawe wote, na sisi wajukuu, na wageni. Hakuwa akifikiri. Mikono yake ndiyo iliyofikiri. Donge lilikuwa laini, la ukubwa wa kidole gumba, na alikuwa ameshalichovya kwenye mchuzi.

“Mfungue mdomo.”

“Dani, hapana.”

“Nyakwara, mjukuu wangu, mimi nimelea watoto kabla baba yako hajaota meno. Mfungue mdomo.”

“Huu si mfupa.”

“Kamongo humeza ndoano na haifi! Unaikuta inaogelea nayo tumboni!”

“Na kamongo tunaitoaje ndoano, Dani?”

 Sisi sote watatu tulijua jibu. Kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, akishaimeza ndoano mpaka ndani, unampasua.

Donge lilibaki mkononi mwake. Nilimwona akiliangalia, kisha akaligeuza, kisha akalitupia kuku. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye wakati ule. Kukubali kushindwa na msichana mbele ya mwanao, katika boma lako mwenyewe, si jambo jepesi kwa mwanamke wa umri wake.

“Haya,” alisema. “Wewe shika uzi. Sisi tufanye nini?”

Nilisema tumfunge mikono asiushike mwenyewe. Dani akamviringisha kwa leso kutoka mabegani mpaka miguuni, kama mtoto mchanga. Nikasema asipewe maji, asipewe chai, asipewe chochote kitakachomfanya ameze. Nikasema tumpeleke kwa daktari akiwa ameketi hivi hivi. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa tangu adhuhuri, kwa hiyo iliyobaki ilikuwa hospitali kubwa ya Kisumu. Baba mdogo alikimbia ufuoni, na muda si mrefu nikasikia honi. Alikuwa amesimama mbele ya pikapu ya mnunuzi wa samaki, mikono ameitandaza, akikataa kuondoka barabarani.

Mwenye gari alikuwa mtu wa Maragoli. Kiluo hakukijua vizuri, tuliongea naye Kiswahili cha huku kwetu. Aliuona uzi, akatema mate pembeni.

“Mungu wangu. Ingia mbele, mama. Nyanya pia aingie. Wewe mzee kaa nyuma na samaki.”

Akaondoka kama aliyefukuzwa na nyuki. Shimo la kwanza lilituinua sisi sote kitini. Mkono wangu wa kushoto, ambao nilikuwa nimeuegemeza kwenye goti langu, ulikwenda huku na kichwa cha mtoto kikaenda kule, na uzi ukakaza. Ulikaza kidogo sana, lakini kidole changu kilisikia. Mtoto alipiga ukelele.

“Bwana, pole pole!”

“Pole pole? Mtoto anakufa na wewe unataka pole pole?”

“Kama atakufa ni kwa haya mashimo yako!”

“Mashimo si yangu, ni ya serikali! Na samaki yangu je? Barafu inaisha!”

“Bwana,” alisema Dani, kwa Kiswahili chake cha kanisani, “samaki imekufa tayari. Huyu bado.”

Akapunguza mwendo. Alinung'unika, lakini alipunguza, na kutoka hapo aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, akilikwepa kila shimo na kuwafokea ng'ombe wa watu kupitia dirishani.

Mimi nilikuwa nikiwaza juu ya lile shimo la kwanza. Kama mkono wangu utakaa kwangu, basi kila gari likiruka sisi wawili tutaachana. Mkono ulipaswa kukaa kwake. Nikakiweka kidole kidogo kidevuni mwa mtoto, kwa nguvu kiasi cha kutobanduka, na kiganja changu kikalala kwenye shavu lake. Sasa akigeuka, mkono uligeuka. Akitikisika, ulitikisika naye. Uzi kati ya kidole changu na mdomo wake ulibaki na kale kapindo kadogo, kama tabasamu. Nilikaangalia hako kapindo njia nzima. Sijui tulipita wapi. Kama mtu angeniuliza mvua ilinyesha au haikunyesha, nisingejua.

Nataka kusema ukweli kuhusu yaliyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu baadaye watu walinieleza kama shujaa asiye na hofu. Nilikuwa na hofu mpaka meno yalikuwa yakigongana. Niliwaza kwamba huenda nimekosea, kwamba donge la Dani lingeishusha ndoano na mtoto angekuwa anacheza sasa. Niliwaza dada atasema nini. Niliwaza kwamba mimi ni mtu wa darasa la saba aliyemkataza mvuvi na mzazi kwa sababu ya vitambaa vya viti. Hofu zote hizo nilikuwa nazo kwa pamoja. Lakini hazikufika kwenye kidole. Kidole kilikuwa kimezoea kufanya kazi yake huku mimi nikihangaika. Kilikuwa kimefanya hivyo tangu nilipofika Kisumu.

Dani aliimba. Mtoto akilia, koo lilipanda na kushuka na uzi ulichezacheza, kwa hiyo Dani alivuta pumzi akaanza nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine, na nyimbo zilipoisha akaanza kumtajia mtoto majina ya samaki wote wa ziwani kwa tuni hiyo hiyo. Mtoto alinyamaza kumsikiliza. Mate yalimtiririka na Dani aliyapangusa kwa pindo la leso, kwa uangalifu, bila kuugusa uzi.

Tulipofika Otonglo gari lilianza kutoa mvuke. Dereva aliapa, akasimama kando ya soko, akachukua debe kwenda kutafuta maji ya rejeta. Ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja muuza nyanya alichungulia dirishani, akaona mtoto aliyefungwa kama mzigo na uzi ukimtoka mdomoni, akapiga mayowe. Soko likahamia kwetu.

“Amemeza nini?”

“Ndoano!”

“Mpeni mafuta, iteleze!”

“Mtundikeni kichwa chini!”

“Ndizi!” Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa ameshaimenya, ndizi mbivu, laini, na mkono wake ulikuwa umeshaingia dirishani karibu na pua ya mtoto. Mtoto, maskini, alikuwa na njaa. Alifungua mdomo.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini. Sikuwa na wa tatu.

Dani alimpiga yule mama kofi mkononi. Kofi halisi. Ndizi ikaruka.

“Ondoa!” alisema. “Hicho si mfupa, ni chuma! Unataka kukisukuma kiende wapi?”

“Lakini mama, sisi huwa tunameza…”

“Mnameza, mnameza! Huyu ni kamongo? Mnataka tumpasue? Hakuna kuvuta, hakuna kusukuma, hakuna kukata! Mjukuu wangu ameshika uzi. Anajua anachofanya. Nyinyi rudini kwenye nyanya zenu!”

Watu walirudi nyuma hatua mbili. Mama wa ndizi alijishika mkono, akanitazama mimi, akatazama kidole changu, na nikamsikia akimwambia mwenzake, “Kumbe huyo ni nesi.”

“Si nesi,” Dani alisema. “Ni fundi.”

Nilikuwa nimelia kidogo njiani, kwa siri. Pale Otonglo nililia waziwazi, na sikuweza kujipangusa.

Hospitalini foleni ilifika mpaka kwenye veranda, lakini baba mdogo, akinuka samaki kutoka kichwani mpaka miguuni, alipita mbele na watu wakampisha. Nesi kijana alikuja haraka, akaona uzi, na kama kila mtu siku ile akanyoosha mkono kuushika.

“Usivute!” tulipiga kelele watu wanne pamoja. Wa nne alikuwa dereva. Alikuwa ameacha samaki wake juani, akatufuata ndani.

Nesi alishtuka, akamwita daktari. Alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na Kiswahili cha Kisumu. Aliinama. Hakugusa chochote. Alimtazama mtoto mdomoni kwa tochi, akatazama uzi, akaufuata kwa macho mpaka kwenye kidole changu, kisha akanitazama mimi.

“Nani amekata hii?”

“Baba mdogo,” nilisema, nikiwa tayari kwa karipio.

“Nani amesema akate mbali?”

“Mimi.”

“Amekula kitu? Amekunywa?”

“Hapana.”

“Mtu amevuta?”

“Gari lilivuta kidogo mara moja. Mtu, hapana.”

Alisimama wima. “Umeshika hivi kutoka wapi?”

“Luanda Kotieno.”

Akasema neno kwa lugha yao. Kisha akamwambia nesi atayarishe chumba cha picha, na nesi aliponyoosha mkono kumchukua mtoto, daktari akamzuia. “Wacha huyu dada aende na uzi yake. Mpaka mtoto alale, hakuna mtu mwingine anashika.”

Kwa hiyo nilivalishwa gauni la kijani lililonifika miguuni, na niliingia chumba ambacho watu wa darasa la saba hawaingii. Picha ilionyesha ndoano kifuani juu kidogo, wazi kabisa, ndogo kama alama ya kuuliza. Mtoto alipewa dawa ya usingizi. Nilisikia kidevu chake kikilegea chini ya kidole changu. Daktari aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akapokea uzi kutoka kidoleni kama anayepokea mtoto mchanga, akasema, “Sasa nyuma.” Nikarudi ukutani.

Alitaka kunieleza, na naamini alifanya hivyo kwa makusudi. Alichukua mrija mwembamba, akaupitisha kwenye ule uzi mrefu kama mtu anavyotunga ushanga, akauteremsha taratibu mdomoni, kooni, uzi ukiwa ndiyo njia yake. “Bila uzi,” alisema, “hapa natafuta gizani. Pengine napasua.” Mrija ulipogusa ndoano aliisukuma chini kidogo. Mbele kidogo, nikajisemea. Akaizungusha. Ncha ikaingia ndani ya mrija, ikajificha. Halafu akatoa vyote viwili kwa pamoja, polepole, na hakukuwa na damu nyingine zaidi ya ile ya mwanzo.

Aliiangusha kwenye bakuli la chuma. Ililia kama kengele ndogo. Kwenye pindo lake kulikuwa bado na chembe ya ugali.

Badala ya kusema asante nikamwonyesha kidole changu. Kilikuwa kimekunjika na hakikuweza kunyooka, na uzi wa nailoni ulikuwa umekichora mifereji. Alikitazama, akakikanda kidogo kwa vidole vyake viwili.

“Unafanya kazi gani?”

“Kroshia.”

“Ah,” alisema, kana kwamba hilo lilimaliza maswali yake.

Dada alifika jioni kutoka kazini, baba mdogo alikuwa amekwenda kumwita. Alimkuta mtoto amelala, anapumua, na Dani ameketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine akisimulia wodi nzima, sasa kwa mara ya nne, na kila mara barabara ilikuwa mbaya zaidi na wanawake wa Otonglo wakali zaidi.  Dada alikaa kando yangu, akachukua mkono wangu wa kushoto, akauweka mapajani pake akaukanda mpaka taa za wodi zilipozimwa. Asubuhi mtoto alipewa uji mwepesi kwa kijiko. Sisi sote tulikodoa macho kooni mwake kama watu wanaotazama mwezi. Akameza. Akafungua mdomo, akataka mwingine.

Niliporudi kwa Dani wiki iliyofuata, kitambaa changu kilikuwa mahali nilipokitupa, chini ya dirisha. Kuku walikuwa wamekikanyaga, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilikifua, nikakianika, na nilipokitandaza juu ya nyasi nikaona kosa kwenye mstari wa tano, karibu na katikati. Kitanzi kimoja kilikuwa kimerukwa. Nikaketi, nikatafuta mwisho wa uzi, nikaanza kufumua.

Jirani aliyekuwa anapita alisimama kwenye ua, akacheka. “Yawa, mama, huyu msichana ana nini? Kitu kizuri hivyo anakiharibu!”

Dani alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua hata kichwa.

“Mwache afumue,” alisema. “Kidole hicho unakijua wewe?”

Mtoto yule sasa yuko darasa la kwanza na haamini habari hii, ingawa ndoano tunayo, imechomekwa kwenye kizibo juu ya kabati la dada. Mimi ninaiamini kila ninapofunga mlango na kurudi kuusukuma. Kile kitambaa kilimalizika. Kiko juu ya meza ya dada, na wageni wakikisifu yeye hasemi kwamba kimefumwa vizuri. Anasema, “Ni mkono wa mdogo wangu,” anauinua mkono wangu wa kushoto mbele ya watu, na mimi, ambaye huona haya hata kuomba chumvi, sikatai kuonyeshwa.